Ulivunjika, Ulivunjwa, Waliuvunja

Katika miaka yangu yote ya kufundisha Kiswahili sekondari, sikupata kitabu kilichoeleza kauli za vitenzi vizuri kuliko meza ya muuza magazeti. Baada ya vyama vingi kurejea mwaka 1992, Uhuru, gazeti la chama tawala, halikubaki peke yake. Miaka ilivyosonga likalazwa kando ya MwanaHalisi, Raia Mwema na Tanzania Daima. Wengi wetu tulisoma vichwa vya habari tukiwa tumesimama, bila kununua, na muuzaji akatuvumilia.

Ubaoni niliandika sentensi tatu. Mkutano ulivunjika. Mkutano ulivunjwa. Polisi waliuvunja mkutano. Tukio ni moja. Katika ya kwanza, mkutano ni chungu kilichoponyoka. Hakuna wa kuulizwa. Ya pili yakiri kuwa yupo aliyetenda, ila yamfunika shuka. Ya tatu yamtaja.

Magazeti yaliyo karibu na mamlaka huipenda kauli ya kutendeka: bunduki ilifyatuka. Yale ya upinzani humtaja mtenda bila kigugumizi, lakini nayo yana maradhi yake: mtenda akiwa wa upande wao hugeuka “umma”. Umma umekataa! Watu wangapi, wa kata gani? Ndiyo maana niliwataka wanafunzi wasome pande zote mbili, wala si kwa ajili ya siasa.

Juni 2020, miezi minne kabla ya uchaguzi mkuu, Idara ya Habari-MAELEZO ililifutia leseni Tanzania Daima. (Mtenda nimemtaja kwa makusudi.) MwanaHalisi serikali ilikuwa imelifungia tangu 2017. Hata Uhuru halikusalimika: Agosti 2021 idara hiyo hiyo ililisimamisha siku 14, kwa habari iliyomhusu Rais na uchaguzi wa 2025. Leseni za Tanzania Daima na MwanaHalisi zilirejeshwa Februari 2022, lakini uchaguzi ulikwisha kupita, na katika msimu ule sentensi yangu ya tatu niliitafuta mezani kwa tochi.

Mjukuu wangu husoma habari simuni, za upande mmoja tu. Juzi alinisomea: “Vurugu zilizuka.” Nikamwuliza, nani alizizusha? Akaipekua habari ile aya kwa aya, hadi mwisho. Hakumwona.