Usalama wa Mtaa na Kimya Chetu: Tuliyoyaona Suam



Ndugu zetu Waislamu, na khasa nyinyi akina mama ambao ndio mnaoufungua ukurasa huu kwanza majumbani, leo tunapenda kuwasimulia safari moja tuliyoifanya bara. Tulikwenda kwa nia moja tukarudi na nyingine, na yaliyotupata yanawahusu wote wenye kulea watoto katika mitaa yetu ya Pwani.

Dada yetu alitujia baada ya swala ya Ijumaa, macho yamemwiva kwa kulia. Binti yake, mpwa wetu, ameolewa na mfanyabiashara wa mahindi, na huu ni mwaka wa nne wanaishi Suam, mji mdogo wa mpakani mwa Kenya na Uganda, kwenye mteremko wa kaskazini wa Mlima Elgon. Habari zilikuwa zimemfikia kwamba duka la binti huyo limevunjwa usiku. "Kaka," alituambia, "nenda ukaniletee mwanangu. Huko watu wanaibiana ng'ombe kwa bunduki. Arudi kwao kwenye amani." Tukakubali papo hapo. Wala hatukujiuliza ni amani gani hiyo tunayokwenda kumrudishia.

Tulifika Kitale alfajiri, na baridi ya huko si ya kuzoeleka kwa mtu wa bahari. Mji huo ulikua mikononi mwa walowezi wa Kiingereza. Baada ya Vita Vikuu vya Kwanza, serikali ya kikoloni iliwagawia askari waliotoka vitani mashamba ya Trans Nzoia, na mwaka 1926 reli ikafika Kitale. Wasabaoti waliokuwa wakichunga mifugo katika tambarare zile wakasukumwa kuelekea mlimani. Tunayataja haya kwa kuwa uhalifu wa leo mara nyingi una mzizi katika dhulma ya jana, na mwenye kutazama jani peke yake hataujua mti.

Kutoka Kitale hadi Suam ni kama kilomita 45, kupitia Endebess. Mto Suam hushuka kutoka mlimani, ukapita kuwa mpaka wa nchi mbili, kisha huko mbele hubadilika jina ukaitwa Turkwel hata ukaingia Ziwa Turkana. Ng'ambo ni wilaya ya Bukwo ya Uganda. Magunia ya mahindi na maharagwe huvuka kila siku, mengine kwa njia ya forodha, mengine kwa njia za panya. Penye magendo hapakosi wenye kuvizia, na mama anayevuka na mzigo wake gizani akinyang'anywa pesa hawezi kwenda kushitaki, kwani ataulizwa kwanza alikuwa akipita wapi. Hasara yake haiandikwi popote.

Hapo ndipo tulipoanza kuzitilia shaka hesabu za uhalifu tunazozisikia. Polisi wa Kenya hutoa kila mwaka idadi ya makosa yaliyoripotiwa, na hesabu hiyo ina faida yake. Lakini neno "yaliyoripotiwa" ndilo lenye siri. Lisiloripotiwa halimo. Tena kwa mji mdogo, hesabu ina hila nyingine. Mtaa wa kaya mia moja ukivunjwa maduka mawili mwaka huu na manne mwakani, atasimama mtu atangaze kwamba wizi umeongezeka maradufu, na watu wahame kwa khofu. Kumbe ni mwizi mmoja aliyekosa kukamatwa. Na mji wa mpakani hupitwa na wageni wengi kuliko wenyeji, ikawa aliyeibiwa na aliyeiba wote si wakaazi, lakini jina baya likabakia kwa kijiji. Kwa hiyo pahala penye idadi kubwa pengine ni pahala ambapo watu wanathubutu kusema, na penye idadi ndogo pengine ni pahala ambapo watu wameziba midomo.

Mpwa wetu alitupokea kwa "Shikamoo, Mjomba," na chai ya tangawizi na mahamri, ambayo siku hizi majirani zake wa mlimani wamejifunza kuyapika. Tukamwambia tulilolijia. Hakujibu. Alituomba kwanza tusikilize habari ya duka lake.

Usiku ule, alisema, kufuli lilivunjwa, zikachukuliwa leso jozi ishirini pamoja na fedha za chama cha akina mama kumi na wawili, ambazo yeye ndiye aliyekuwa mweka hazina. Asubuhi alikaa kizingitini hajui aanzie wapi. Kabla jua halijapanda, jirani yake, mama wa Kisabaoti ambaye ndiye aliyemkanda na kumpikia uji alipojifungua mtoto wake wa pili, alikuja akiwa amemshika mkono mwanawe wa miaka kumi na minane. Amezikuta leso chini ya kitanda. Alisimama mbele ya duka, watu wakimtazama, akasema, "Mwizi wako ni mwanangu. Twende kwa chifu, kisha twende polisi."

Mpwa wetu alituambia kwamba aliona haya kuliko yule mama. Alimsihi mambo yaishie pale, vitu virudi, wasameheane. Yule mama alikataa katakata. Kijana akaandikishwa polisi, leso zikarudi karibu zote, na fedha ambazo kijana alikwishazitumia mama yake anazilipa shilingi mia mbili kila siku ya soko, hata leo.

Tulitaka kumwona mama huyo. Jioni alikuja, akaketi juu ya gunia, nasi tukamuuliza kilichompa moyo wa kumpeleka mwanawe mwenyewe. Alisema yeye kwao ni upande wa pili wa mlima, ulioko Bungoma, na kwamba alikuwa huko katika miaka ya vita.

Wasomaji wengi wa Pwani huenda wameisahau habari hiyo. Mwaka 1971 serikali ilianzisha makao ya Chepyuk ili kuwapa ardhi watu waliohamishwa kutoka Chepkitale, juu mlimani. Ugawaji ukajaa mizozo, ukarudiwa, na ulipofikia awamu ya tatu mwaka 2006 vijana walishika silaha kwa jina la Sabaot Land Defence Force. Hadi mwaka 2008 watu zaidi ya 600 waliuawa na makumi ya maelfu wakayahama makwao. Kundi hilo lilitoza kodi, likahukumu, na lilijulikana kwa kuwakata watu masikio. Machi 2008 jeshi liliingia kwa Operesheni Okoa Maisha; mwezi wa Mei kiongozi wa kundi, Wycliffe Matakwei, akauawa. Na jeshi nalo likashutumiwa na mashirika ya haki za binadamu kwa kuwatesa na kuwapoteza wanaume wa vijiji, wenye hatia na wasio na hatia. Hivyo mwananchi alipigwa na huyu kwa kusema, na akapigwa na yule kwa kunyamaza.

Mama yule hakuyasimulia kwa miaka na hesabu kama tunavyoandika sisi. Alisema tu hivi: "Sheikh, haikuanza na bunduki. Ilianza na kuku. Kijana aliiba kuku, tukasema ni mtoto wetu. Akaiba ng'ombe, tukasema shamba letu limeibwa, naye aibe. Alipokuja na bunduki, nani angesema? Wa kusema alikuwa ameshakatwa sikio. Mimi nimezika kaka yangu. Huyu wangu nimemkamata akiwa bado kwenye leso."

Alipoondoka, mpwa wetu alitutilia chai nyingine, kisha akatuuliza kwa sauti ya chini na kwa adabu, "Mjomba, na yule kijana wa mtaani kwetu aliyemkata panga mama wa viazi, mlimfanya nini?"

Ndugu wasomaji, hatukuwa na jibu.

Inatubidi tuyaeleze mambo kama yalivyokuwa. Mtaani kwetu, miezi saba kabla ya safari hiyo, mjane mmoja anayeuza viazi vya karai jioni alivamiwa na vijana wanne wenye mapanga. Walichukua simu na mauzo ya siku, na mmoja akamkata mkono alipojaribu kuushikilia mkoba wake. Mkono ule mpaka sasa haukunji vidole viwili. Mmoja wa wanne hao tulimjua. Alisoma katika chuo chetu tangu alifu hadi akahitimu juzuu kumi, na baba yake hukaa safu ya kwanza msikitini. Mjane alimtambua, nasi alitunong'oneza jina lake, kwa kuwa alidhani sisi tutajua la kufanya.

Tulichokifanya ni khutba. Ijumaa iliyofuata tulizungumza juu ya "vijana wetu" na "malezi" na "zama hizi," maneno mazuri yasiyomgusa yeyote. Watu wakatikisa vichwa, baba yake akatikisa kichwa pamoja nao. Tukajiambia kwamba tunamsitiri Muislamu. Na sitara ni jambo kubwa katika dini yetu. Lakini sitara ni kwa aibu ya mja baina yake na Mola wake, si kwa panga lililo juu ya mkono wa mjane. Mtume, rehema na amani zimshukie, ametufundisha kumsaidia ndugu yetu akiwa dhalimu kama tunavyomsaidia akiwa amedhulumiwa, na akabainisha kwamba kumsaidia dhalimu ni kumzuia asidhulumu. Sisi hatukumsaidia yeyote kati ya wawili. Na Qur'ani imetuamrisha kutoa ushahidi wa haki ijapokuwa ni juu ya nafsi zetu, au wazazi, au jamaa. Tuliyafundisha haya miaka thelathini.

Asubuhi tulimpigia dada yetu simu tukamwambia binti hatarudi nasi, kwani yuko mahali ambapo jirani atamjia na ukweli. Alikasirika, na hatumlaumu.

Tuliporudi, tulikwenda kwanza kwa mjane. Tulimtaka radhi. Alikaa kimya kitambo, kisha akasema, "Nilidhani mmesahau." Siku ya pili tulifuatana naye hadi kituoni, pamoja na mke wetu, maana mwanamke hapaswi kuachwa peke yake katika jambo kama hilo. Maelezo yake yakaandikwa katika kitabu cha matukio, ambacho watu hukiita OB, akapewa nambari yake. Tukachukua fomu ya P3, ambayo daktari hujaza kuthibitisha jeraha. Na akina mama wajue kwamba fomu hiyo haina malipo na ni haki ya kila aliyepigwa au kujeruhiwa. Nasi tukaandikisha tuliyoyajua.

Kabla ya hapo, usiku, tulikuwa tumekwenda kwa baba wa kijana ili asilisikie jambo hili barabarani. Alitusikiliza hadi mwisho, akainuka akafungua mlango. Tangu siku hiyo huswali msikiti mwingine. Kijana yuko rumande na kesi inaendelea. Hatujui itaishia wapi, na kila tukipita karibu na nyumba ile moyo wetu huwa mzito.

Lakini mama yake alikuja nyumbani kwetu wiki tatu baadaye, alasiri, wakati mumewe hayupo. Tulidhani amekuja kutulaani. Alimwambia mke wetu kwamba alikuwa akiliona panga lile chini ya godoro kwa mwaka mzima, na kila usiku alikuwa akingoja watu waje kumwambia mwanawe amechomwa moto na wananchi. "Sasa," alisema, "angalau najua amelala wapi."

Basi maneno hayo ndiyo yaliyotufanya tuandike. Serikali ilipoleta mpango wa Nyumba Kumi mwaka 2013, baada ya shambulio la Westgate, ikiuchukua kutoka kwa jirani zetu Watanzania, wengi wetu tulidhani ni kazi ya kuwachunguza wageni. Mama wa Suam ametufundisha kwamba nyumba ya kwanza katika zile kumi ni yako wewe. Simu mpya isiyo na risiti, fedha zisizo na kazi, kijana anayeingia saa nane za usiku akilala na viatu: haya hayaonwi na polisi wala na sheikh. Huonwa na anayefua nguo na kutandika kitanda.

Nabii Ibrahim, amani iwe juu yake, alipouombea mji wa Makka, alitanguliza kuuombea amani, kisha akaomba matunda. Nasi twamuomba Mola aijaalie amani mitaa yetu na ile ya ndugu zetu walio mlimani, awaongoe vijana wetu wangali kwenye leso, na atusamehe sisi miezi ile saba. Amin.