Sambusa za Kitambaa Mashariki ya London



Anayeshuka katika kituo cha treni cha Bethnal Green, mashariki ya London, na kuifuata barabara ya Cambridge Heath Road, hatembei sana kabla ya kuliona jengo kubwa la matofali lililofunguliwa mwaka 1872. Mwaka 1974 lilifanywa jumba la makumbusho ya utoto, na tangu Julai 2023, baada ya matengenezo makubwa, huitwa Young V&A. Kuingia ni bure. Humo mna wanasesere na nyumba zao ndogo, na mzazi mwenye kutazama kwa makini atatambua kwamba kila watu humpa mtoto achezee mambo ya kwao.

Si mbali na hapo, katika njia ya Wellington Row, msanii Mwingereza Lucy Sparrow alifungua duka la ajabu mwezi Agosti 2014. Bidhaa zake zote, zipatazo 4,000, zilikuwa zimeshonwa kwa felti, yaani kile kitambaa kinene kinachoshindiliwa badala ya kufumwa. Makopo, pakiti na matunda, vyote vilikuwa vya kitambaa, na watu wakavinunua. Alikusudia kuyakumbuka maduka madogo ya mitaani, ambayo yanamezwa na maduka makubwa.

Nasi je, tuna nini cha kukumbuka? Vyakula vya kuchezea vinavyouzwa madukani ni piza, baga na soseji, na pengine hata vipande vya nguruwe. Mtoto wetu huvichezea kwa Kiingereza, maana ndiyo lugha ya majina yake. Kwetu pwani watoto walipika mchanga ndani ya vifuu, na majani yakawa mchicha. Hapakuwa na kilichonunuliwa, lakini maneno yalikuja yenyewe: koroga, onja, pakua, chumvi imezidi. Mtoto aliyeyakosa maneno hayo husikia sauti ya bibi yake katika simu, akaishia kuitikia salamu tu.

Kwa hiyo nashauri tushone vyakula vyetu. Felti ikikatwa haifumuki, wala haihitaji kukunjwa pindo, na kwa sababu hiyo hata mtoto wa miaka minane aweza kuishona chini ya uangalizi. Kwa sambusa, kata pembetatu mbili za rangi ya kahawia iliyoiva, kila upande sentimita 10. Zishone pamoja kwa kuzungusha uzi ukingoni, acha mwanya, tia pamba au vipande vya nguo chakavu, kisha ufunge. Kitumbua ni miduara miwili midogo iliyojazwa hadi ikavimba. Chapati ni mduara mmoja mpana, usiojazwa kitu. Mhogo huvalishwa ganda la kahawia lenye kufunguka, ndani ukawa mweupe, ili mtoto aumenye. Kwa mtoto aliye chini ya miaka 3 tusitie vifungo wala shanga, kwani aweza kuvimeza, na mishono iwe imara.

Kabla ya kushona, mchukueni mtoto kwa miguu. Cambridge Heath Road ikifuatwa kuelekea kusini hufika karibu na soko la Whitechapel, ambako hupatikana bamia, maembe na biringani. Ashike, anuse, aulize jina. Akirudi nyumbani atajua anashona nini, na mama au babu atakuwa na la kumsimulia.

Ufundi wenyewe si mgeni kwetu. Kofia za viua za Unguja na Lamu hushonwa kwa mkono, tundu baada ya tundu, kwa subira ya wiki nyingi. Kazi hii ya felti ni ya jioni moja. Natuanze na sambusa, kwani ina pande tatu tu.