Perege wa Tshangalele

Msafiri atokaye Likasi kuelekea mashariki hulifikia bonde la mto Lufira, na humo hukuta ziwa pana lisilo na kina kirefu. Ziwa hili halikuwako zamani. Lilitokea yapata mwaka 1930, ukuta wa Mwadingusha ulipouzuia mto ili upatikane umeme wa migodi ya shaba.

Humo tunamkuta perege, ambaye wataalamu humwita Oreochromis macrochir. Ni samaki bapa, mwenye ubavu mpana, naye hula hasa mwani mdogo mno na mabaki ya majani yaliyooza chini ya maji.

Wasomaji wapenzi, tuyatazame malezi yake. Dume huchagua mahali penye maji machache, akachota mchanga na matope kwa kinywa hata kiota kiwe tayari. Jike hutaga humo, kisha huyakusanya mayai kinywani mwake. Humo huanguliwa, na vifaranga hukaa mpaka waweze kuogelea vema. Siku hizo zote mama huyo karibu hali kitu. Hata baada ya kuwatoa, hatari ikitokea huwapokea tena.

Kwa hiyo, avuaye karibu na viota kwa wavu wa matundu madogo hachukui samaki mmoja tu, bali mama pamoja na watoto wake. Tukiwaachia perege majira yao ya kuzaa, tutawavua tena mwaka ujao; tukiwanyima, mitumbwi yetu itarudi mitupu, na watoto wetu watakula ugali bila kitoweo.