Mlango wa Maandishi Matupu

Wahenga walinena kwamba macho hayana pazia. Kauli hiyo ni kweli kwa mwenye kuona. Hutupa jicho mara moja juu ya ukurasa wa tovuti akatambua kichwa cha habari kiko wapi, picha iko wapi na tangazo la kupuuzwa liko wapi. Msomaji asiyeona hana jicho la kutupa. Yeye hutegemea programu ya kusoma skrini, ambayo huyageuza maandishi kuwa sauti na kuyatamka neno baada ya neno, kwa mfuatano uliomo ndani ya ukurasa. Iwapo ukurasa umeanza na viungo arubaini, sharti avisikilize au avipite vyote kabla ya kuifikia sentensi ya kwanza ya habari. Iwapo kichwa cha habari kimechorwa kama picha isiyo na maelezo, hakisikii kabisa. Pazia analolikuta halikutundikwa na maumbile bali na mjenzi wa tovuti.

Ikumbukwe kwamba wavuti haikuzaliwa na pazia hilo. Tim Berners-Lee alipotoa pendekezo lake katika kituo cha CERN nchini Uswisi mwaka 1989, alichokuwa akikiwazia ni nyaraka zilizounganishwa. Miongoni mwa vivinjari vya kwanza kabisa kulikuwamo kile alichokiandika Nicola Pellow, kilichoonyesha maandishi pekee. Mwaka 1992 Chuo Kikuu cha Kansas nchini Marekani kikatoa Lynx, kivinjari kingine cha maandishi ambacho hadi leo kingali kinatumika. Kisha mwaka 1993 kikaja Mosaic, kilichoziweka picha ndani ya ukurasa pamoja na maneno, na wavuti ikavaa mapambo. Wajenzi wa tovuti wakayageuza majedwali, ambayo kazi yake ni kupanga takwimu, kuwa viunzi vya kugawanyia ukurasa: menyu kushoto, habari katikati, matangazo kulia. Aliyetazama alifurahi. Aliyesikiliza alivurugikiwa.

Jawabu moja lililobuniwa lilikuwa kuweka mpatanishi kati ya tovuti na msomaji. Mfano unaojulikana sana ni Betsie, programu iliyoundwa katika idara ya elimu ya BBC nchini Uingereza mwishoni mwa miaka ya 1990. Iliandikwa kwa lugha ya Perl na kuwekwa kwenye seva. Msomaji alipobofya kiungo cha maandishi pekee, Betsie iliuchukua ukurasa uleule wa kawaida, ikaondoa picha na kuweka maelezo yake badala yake pale yalipokuwapo, ikayavunja majedwali ya mapambo, ikaisogeza menyu hadi chini ili habari itangulie, kisha ikamkabidhi msomaji maandishi matupu. Viungo vilivyomo navyo viliandikwa upya, ili akibofya kimojawapo aendelee kubaki katika njia hiyohiyo. Mwenye uoni hafifu aliweza kujichagulia ukubwa wa herufi na rangi. Aidha, BBC iliutoa msimbo wake bure ili taasisi nyingine ziutumie.

Ubora wa mbinu hiyo ulidhihirika inapolinganishwa na desturi iliyokuwapo ya kuandika kwa mkono tovuti ya pili ya maandishi pekee. Tovuti hiyo ya pili aghalabu ilikuwa mtoto wa kambo. Tarehe ya mtihani ikibadilika, ukurasa mkuu ulirekebishwa siku hiyohiyo, na ule wa maandishi ukabaki na tarehe ya zamani hadi mtu alalamike. Mpatanishi wa seva hakuwa na kasoro hiyo, kwa kuwa aliusoma ukurasa mkuu wenyewe kila alipoulizwa.

Hata hivyo, mpatanishi naye huzeeka, na kuzeeka kwake hakuonekani kwa wanaomiliki tovuti. Programu iliyoundwa kuvunja majedwali ya mwaka 1999 huduwaa mbele ya ukurasa uliopangwa kwa mitindo mipya. Ukurasa wa siku hizi mara nyingi hufika mtupu, kisha msimbo wa JavaScript ndani ya kivinjari ukaleta habari baadaye. Mpatanishi wa zamani huuchukua mapema na kumpelekea msomaji fremu isiyo na kitu. Tovuti nyingi zimehamia kwenye mawasiliano yaliyofumbwa kwa ajili ya usalama, na mpatanishi asiyejua kuyafumbua hufungiwa nje. Mwenye kuona haoni tofauti yoyote, maana yeye hapiti mlango huo. Hapa ndipo methali ya usipoziba ufa utajenga ukuta inapopata maana mpya, kwani ufa wenyewe uko upande usiotazamwa na mwenye nyumba.

Kiswahili kinatoa ushahidi mdogo wa jambo hili. Kwa kuwa lugha hii huandikwa kwa herufi za Kirumi zisizo na vitone wala mikwaju, ni rahisi kudhani kwamba haiwezi kuathiriwa na mabadiliko ya namna tarakilishi zinavyohifadhi herufi. Lakini kuna ng'ombe, ng'ambo na ng'oa. Kibainishi hicho kikiandikwa kwa umbo lake lililopinda, kikahifadhiwa kwa mfumo mpya wa UTF-8, halafu kikapita katika seva inayojua mfumo wa zamani tu, neno hutokea upande wa pili limejaa alama zisizotamkika. Msomaji anayesikiliza hupata kelele katikati ya neno. Mwanafunzi wa fonolojia atatambua mara moja kilichopotea: sauti nzima ya lugha imemezwa na programu ambayo hakuna aliyeihuisha.

Kuhuisha ni neno la Kiswahili linalostahili kazi hii kuliko mengi, maana asili yake ni kutia uhai. Na uhai hautiwi kwa kubonyeza kitufe kimoja. Fundi aliyekabidhiwa seva ya namna hii huiacha programu ya zamani ikifanya kazi huku akiisimamisha mpya kando yake, ili msomaji asiamke asubuhi na kukuta mlango umefungwa. Huchagua kurasa za kujaribia, tena zile ngumu: fomu yenye nafasi nyingi za kujaza, makala marefu, ukurasa wenye lugha mbili, jedwali la karo. Jedwali la karo ni mtihani wa haki. Likivunjwavunjwa ovyo, msikilizaji hupata mlolongo wa nambari bila kujua ipi ni ya malazi na ipi ni ya masomo. Programu bora hutofautisha jedwali la takwimu na jedwali la mapambo, likaacha la kwanza na vichwa vyake na kuliyeyusha la pili. Fundi pia huhakikisha kwamba anwani ambazo wasomaji walizihifadhi zamani bado zinafunguka.

Usalama nao haupuuzwi. Seva inayoweza kuchukua ukurasa wowote duniani na kuuonyesha kwa jina la taasisi ni silaha mikononi mwa mdukuzi. Kwa hiyo huwekewa orodha ya tovuti inazoruhusiwa kuzigeuza, na kila msimbo wa hatari unaopita ndani yake huchujwa. Pale ambapo msomaji anatakiwa kuandika nywila, swali huwa zito zaidi, maana siri yake hupitia kwa mpatanishi kabla ya kufika inakokwenda. Mwishowe, fundi mwerevu huizima skrini yake na kusikiliza. Mwerevu zaidi humwita msomaji asiyeona akae kwenye kiti hicho yeye mwenyewe, kwa sababu kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Pamoja na juhudi hizo zote, kuna mpaka ambao mpatanishi hawezi kuuvuka. Mkalimani hawezi kutafsiri neno ambalo msemaji hakulitamka. Picha isiyo na maelezo, ikipita katika programu iliyo bora kuliko zote, hutoka ikiwa jina la faili tu. Suala hili lilifika mbele ya sheria nchini Australia. Mwaka 1999 Bruce Maguire, raia asiyeona, aliishtaki kamati iliyoandaa Michezo ya Olimpiki ya Sydney kwa sababu ya tovuti yake. Miongoni mwa madai yake ni kwamba picha hazikuwa na maelezo ya maandishi na kwamba majedwali ya matokeo hayakuweza kufikiwa. Agosti 2000 tume ya haki za binadamu ya nchi hiyo iliamua kwamba alikuwa amebaguliwa, na baadaye mwaka huo akaamuriwa kulipwa fidia ya dola 20,000 za Australia. Uamuzi huo ulionyesha kwamba kasoro ya tovuti si suala la ufundi pekee bali pia ni suala la haki.

Miongozo ya kimataifa nayo ilisogea upande huo. Ule wa kwanza wa shirika la W3C, uliotolewa Mei 1999, uliruhusu ukurasa mbadala pale tu ambapo juhudi zote za kuurekebisha ukurasa mkuu zimeshindikana, na kwa sharti kwamba uwe na habari zilezile na uhuishwe mara kwa mara sawa na ukurasa wenyewe. Mwongozo wa pili ulifuata Desemba 2008. Wakati huohuo programu za kusoma skrini zilikuwa zimeimarika: JAWS ilikuwa imeingia katika mfumo wa Windows mwaka 1995, na NVDA, ambayo hutolewa bure, ilianzishwa Australia mwaka 2006. Ukurasa ukijengwa kwa vichwa vya habari halisi, kwa viungo vyenye majina na kwa picha zenye maelezo, msikilizaji huruka kutoka kichwa hadi kichwa bila kuhitaji mlango wa nyuma. Wapo wanaouona mlango wa maandishi matupu kuwa ubaguzi uliovishwa nguo ya wema: wageni wengine wapite mbele, wewe zunguka uani. Hoja hiyo ina uzito. Lakini pale ambapo mlango wa mbele bado una ngazi zisizopandika, kuuacha mlango wa uani uoze ni kumfungia mtu nje kabisa.

Ikumbukwe pia kwamba mlango huo haukutumiwa na wasioona peke yao. Kabla ya nyaya za chini ya bahari kufika Mombasa mwaka 2009, mawasiliano ya intaneti kati ya Kenya na dunia yalitegemea setilaiti, na aliyekaa saiba akilipia kila dakika alijua thamani ya ukurasa usio na picha. Opera Mini, iliyosambazwa duniani Januari 2006, ilipendwa katika rununu za Afrika kwa sababu ya mantiki hiyohiyo: seva hutangulia, huupunguza ukurasa, kisha humpelekea msomaji mzigo mwepesi. Kilichoonekana kuwa huduma ya wachache kiliwafaa wengi.

Kwa wapenzi wa Kiswahili, suala hili halipaswi kuachiwa wanasayansi wa tarakilishi. Ukurasa wa wavuti huwa na alama inayoitambulisha lugha yake. Ya Kiswahili ni herufi mbili tu, sw. Alama hiyo ikikosekana au ikitaja Kiingereza, sauti inayosoma huweza kuyatamka maneno kwa Kiingereza. Pole hugeuka mlingoti, pale hugeuka weupe wa mgonjwa, na mke wake hujikuta akiamshwa usingizini. Sauti ya Kiswahili ipo. eSpeak, programu huria ya kutamka, inayo. Inachongoja ni kuambiwa tu kwamba maneno yanayokuja ni ya Kiswahili.

Kuna pia hazina iliyofungiwa ndani ya picha. Majarida mengi ya taaluma huwekwa mtandaoni yakiwa kurasa zilizopigwa picha, na kwa programu ya kusoma skrini ukurasa wa aina hiyo ni karatasi nyeupe hadi herufi zake zitambuliwe upya. Miswada ya tenzi kwa hati za Kiarabu, kama ile iliyohifadhiwa SOAS mjini London, huonekana kwenye skrini kwa uzuri wake wote, lakini bila unukuzi hausikiki hata ubeti mmoja. Kinaya kilioje, kwamba utanzu uliotungwa ili ughanwe na kusikilizwa unafika kimya kwa msomaji anayesoma kwa masikio! Siku hizi zipo programu zinazoweza kueleza picha zenyewe. Zinaweza kusema kwamba ukurasa una mwandiko wa kale, lakini maelezo hayo si ubeti.

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika Kifungu cha 54, inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kufikia habari, na Kifungu cha 7 kinaitaka serikali kukuza pamoja na lugha za wenyeji njia za mawasiliano wanazoweza kuzitumia watu wenye ulemavu. Lugha na ufikivu vimewekwa katika kifungu kimoja, na wanafunzi wa Kiswahili wanaweza kuvisoma pamoja. Chama cha Kiswahili hakihitaji seva yake ili kuanza. Kinahitaji kutoa matini ya jarida lake yakiwa maandishi halisi kando ya picha za kurasa, kuandika sentensi moja ya Kiswahili sanifu chini ya kila mchoro, kutaja lugha ya ukurasa, na kuwatafuta wanachama wasioona wasikilize toleo kabla halijatangazwa. Fundi ataihuisha seva. Maneno ambayo seva hiyo itayapeleka yatatoka kwa wenye lugha.