Sisi Wapangaji wa Kamakis na Shule za Watoto Wetu

Nikibisha hodi katika maghorofa ya Kamakis kumwalika mzazi kwenye kikao cha bajeti, mara nyingi najibiwa kwa upole: "Kura yangu iko nyumbani, huku nimepanga tu." Jibu hilo huniuma. Mtoto wake anasoma hapa Ruiru, katika mji ambao sensa ya 2019 iliukuta na watu karibu 490,000, na Kifungu cha 196 cha Katiba kinalitaka bunge la kaunti lishirikishe umma, mpangaji akiwemo.

Wanaokubali kuja, tunaanza nao na swali: kazi hii ni ya nani? Nimeona wazazi wakimzomea mwakilishi wadi kwa sababu ya maabara ya sekondari msingi, ilhali Katiba imeipa kaunti shule za chekechea na vyuo vya ufundi. Shule za msingi na sekondari ziko chini ya serikali ya kitaifa, na darasa jipya aghalabu hujengwa kwa fedha za mfuko wa maendeleo ya maeneo bunge, NG-CDF. Hapo wa kuulizwa ni mbunge. Hasira ikifika kwa asiyehusika, yeye huitikia kwa kichwa, watu wakapiga makofi, na mwaka mwingine ukapita bila maabara.

Ndani ya shule tuna nguvu kuliko wengi wanavyodhani. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inawapa wawakilishi wa wazazi nafasi 6 katika bodi ya usimamizi. Ukitozwa pesa usizozielewa, andika barua. Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inaipa ofisi ya umma siku 21 kukujibu. Peleka nakala mbili, yako igongwe muhuri wa kupokelewa, uitunze. Makelele husahaulika wiki hiyo hiyo. Barua yenye muhuri na tarehe ni vigumu kuikana.

Kuna wanaoniambia mtaala ni mambo ya wakubwa Nairobi. Hao mimi huwakumbusha Aprili 2025. Wizara ya Elimu ilikuwa imepanga kuifanya hisabati somo la hiari katika sekondari pevu. Wananchi walipoulizwa maoni, wengi walilikataa jambo hilo, na Waziri Julius Ogamba akatangaza kwamba kila mwanafunzi ataisoma: ya kina kwa walio upande wa sayansi, nyepesi kwa wengine. Nafurahi kila nikiwaza binti wa mtaa huu ambaye angeliacha somo hilo akiwa na miaka 15, na milango mingi ikafungwa bila yeye kujua.

Sauti kama hiyo inahitajika katika bajeti pia. Makadirio ya bajeti ya kaunti hufikishwa katika bunge la kaunti kabla ya Aprili 30 kuisha, kisha umma huitwa kutoa maoni. Mzazi mwenzangu wa Kamakis, tangazo likitoka njoo, umlete na jirani wa mlango wa pili, na mseme chekechea iliyo karibu nanyi inakosa nini.