Nilimpima Uso Mume Wangu

Mpenzi msomaji, ukitaka kumpa mwenzi wako zawadi, akili inakimbilia wapi? Saa, manukato, shati. Mwenzenu mimi nilimtengenezea baba watoto fremu ya miwani, tena ya mbao!

Sababu ninayo. Mume wangu haoni mbali, na pua yake ni pana. Fremu nyingi za dukani zimepimwa kwa pua nyembamba iliyosimama, kwake zinateleza tu. Mwisho wake miwani inalala kwenye droo, na usiku anaendesha kutoka Ubungo hadi Kibamba bila kitu machoni. Mimi huku roho juu. Ndugu wanasema ni kiburi, eti anaogopa kuonekana mzee. Wala! Shida ni pua.

Kazi yangu ni kuchora ramani za nyumba, kwa hiyo kompyuta hainitishi. Kwenye mkono wa miwani yake ya zamani kuna namba: 52, 18, 140. Ni upana wa lenzi, nafasi ya puani na urefu wa mkono, kwa milimita. Nikaanzia hapo, kisha nikamkalisha kitini, rula mkononi. Jamani, miaka saba ya ndoa, ndiyo kwanza naona sikio lake la kushoto liko juu kuliko la kulia!

"Mke wangu, unanishonea suti ya uso?" akacheka.

Mashine ya leza nilikodi kwenye karakana. Kwanza nilikata fremu ya kadibodi, akaijaribu. Ndipo nikagundisha mbao nyembamba tabaka tatu, nyuzi zikipishana, maana mbao moja nyembamba hupasuka kirahisi kufuata nyuzi zake. Leza inaacha kingo nyeusi zenye harufu ya moshi. Nikazipiga msasa, nikapaka vanishi kuzuia jasho. Bawaba nilizitoa kwenye miwani kuukuu.

Lenzi nilimwachia fundi wa miwani. Yeye ndiye anayepima mboni, ili kitovu cha lenzi kikae sawasawa mbele ya jicho. Tena fremu ya plastiki hupashwa moto ikalegea, lakini mbao hailegei hivyo. Alisaga lenzi kidogo kidogo mpaka zikaingia.

Sasa anaivaa kutwa, na usiku anaendesha nayo. Kwa hiyo shoga, kaka, kabla hujamwita mwenzio mkaidi, hebu chukua rula kwanza.