Kilo 41

Nyanda za Juu Kusini mtu akikonda, watu hawaulizi anaumwa nini. Wanajua tayari. Kuanzia Iringa mjini hadi Tukuyu mwili uliopungua una maana moja, nayo husemwa kwa sauti ya chini: "Kakanyaga waya." Dhana hiyo haikutoka hewani. Utafiti wa kitaifa wa 2016–2017 ulikuta takribani watu wazima 11 katika kila 100 mkoani Iringa wanaishi na VVU, na Mbeya takribani 9, wakati kwa nchi nzima walikuwa kama 5. Tumezika ndugu wengi, na macho yetu yamezoea kusoma miili kwa namna hiyo.

Shangazi yangu anaishi kijijini Mufindi, kwenye baridi na ukungu wa mashamba ya chai. Kwa miaka miwili magauni yalizidi kumpwaya, na kikohozi cha asubuhi kikawa hakiishi. Alipima VVU mara tatu. Hakuwa navyo. Lakini majibu ya karatasi hayatembei kijijini kwa kasi ya maneno, na hata waliyoyaamini majibu hayo walipata maelezo mengine: mkamwana wake hamlishi.

Hili la pili ndilo lililotuumiza. Mkamwana huyo ndiye aliyekuwa akimpikia, akimchotea maji na kumfulia. Kila siku sahani ya ugali na maharage ilirudi jikoni ikiwa nusu, na kila siku majirani waliiona mifupa ya mabega ya mama mkwe. Ukoo ukaketi. Ikaamuliwa kwamba shangazi aje kwetu Mbeya "ale vizuri". Mkamwana hakusema neno kwenye kikao hicho. Alifunga tu mizigo ya mama, akaweka na maharage ya shambani kilo kumi.

Kwa hiyo alikuja kwa basi, akashuka akiwa anahema kama mtu aliyepanda Loleza kwa miguu. Nikamwamkia, "Shikamoo shangazi." Aliitikia marahaba kwa vipande viwili. Siku ya kwanza tulimpikia ndizi na nyama. Alikula matonge machache, akasukuma sahani. "Mwanangu, nikila nachoka," alisema. Hakusema ameshiba. Alisema amechoka.

Kliniki ya kifua walimpima urefu, mita 1.58, kisha uzito, kilo 41. Makohozi hayakuonyesha kifua kikuu. Daktari akamuuliza kama amewahi kuvuta sigara. Shangazi akacheka. Akamuuliza anapikia nini. Kuni. Tangu lini? Tangu ana miaka saba, jiko la mafiga matatu, na mwezi wa sita na wa saba mlango hufungwa kwa sababu ya baridi. Akapewa mashine ya kupuliza, avute pumzi ndefu kisha aitoe yote kwa nguvu. Pumzi ilitoka polepole, kama hewa kwenye tairi lenye tundu dogo. Jina la ugonjwa likawa ugonjwa sugu wa kuziba kwa njia za hewa, ule ambao madaktari huuita COPD.

Nilitaka kujua kilo zimekwenda wapi, na hapo ndipo nilipofundishwa jambo ambalo natamani kila ukoo ulijue kabla haujaketi kikao. Kwa mtu mzima wa afya, kupumua ni kazi ndogo, mwili hauioni. Kwa mgonjwa wa COPD hewa huingia lakini haitoki yote. Mapafu hubaki yamejaa, na kiwambo, ule msuli mpana ulio chini yake, husukumwa chini mpaka kinakosa nguvu ya kuvuta. Misuli ya shingo na ya mbavu inalazimika kusaidia, usiku na mchana. Ni kama kuishi ukipuliza moto usiowaka. Kazi hiyo inakula chakula. Juu yake kuna uvimbe wa ndani unaosambaa mwilini na kuitafuna misuli, hasa ya mapaja, mpaka mgonjwa anashindwa kutembea, na kwa kutotembea misuli inapungua zaidi.

Na kula kwenyewe ni kazi. Unapomeza, unasimamisha pumzi. Tumbo likijaa linakisukuma kiwambo juu. Mtu mwenye pumzi ya kuhesabu akiwekewa mlima wa ugali atachagua kupumua. Sahani zile zilizorudi nusu kule Mufindi zilikuwa na sababu, na sababu hiyo haikuwa mkamwana.

Mwaka 1999 watafiti wa Copenhagen walichapisha matokeo yao: wagonjwa wa COPD waliokuwa wembamba walikufa mapema kuliko wenzao wenye uzito wa kawaida au uliozidi, na tofauti ilikuwa kubwa zaidi kwa wale ambao mapafu yao yalikuwa yameharibika sana. Mwaka 2004 kikatoka kipimo kiitwacho BODE, ambacho huangalia mambo manne: uwiano wa uzito na urefu, kuziba kwa hewa, kukosa pumzi, na umbali ambao mgonjwa anaweza kutembea kwa dakika sita. Uwiano wa 21 kushuka chini ni dalili mbaya. Kwa urefu wa shangazi, 21 ni kama kilo 52. Yeye alikuwa na 16.

Mizani na kifua havikukutana jana huku kwetu. Enzi za ukoloni wanaume wa Tukuyu na Mbeya walichukuliwa na WENELA kwenda kuchimba dhahabu Afrika Kusini. Kule migodini wachimbaji Waafrika walipimwa uzito mara kwa mara, na aliyepungua ratili kadhaa kati ya kipimo kimoja na kingine alipelekwa kuchunguzwa kifua. Mabosi walielewa kwamba vumbi na kifua kikuu huonekana kwenye mizani mapema. Hadi leo dozi ya vidonge vya kifua kikuu hupangwa kwa kilo za mgonjwa.

Usinielewe kwamba unene ni dawa. Nina baba mdogo hapa Mbeya mwenye pumu na kilo 104. Kila harusi anasifiwa: amenawiri, mwili umemkubali. Akipanda ngazi za ghorofa ya pili anasimama katikati akijifanya anajibu simu. Tumbo zito hukisukuma kiwambo juu na kuyabana mapafu yasitanuke, na pumu hukataa kutulia. Yeye na shangazi wanahema sawa, ila mmoja ananong'onwa na mwingine anapigiwa vigelegele.

Shangazi alikaa kwetu miezi miwili. Alipewa dawa ya kuvuta, na ratiba: milo midogo sita badala ya mikubwa miwili, apumzike kabla ya kula, uji wa ulezi wenye maziwa na karanga zilizosagwa, parachichi, mayai, maharage yaliyopondwa laini. Kila asubuhi tulitembea hadi dukani na kurudi, tukiongeza kidogo kila wiki, ili misuli ipate cha kujenga. Mapafu hayatarudi yalivyokuwa. Hilo aliambiwa wazi, akalikubali bila maneno mengi.

Kisha akataka kurudi kwake, na akataka jambo moja zaidi: simu ipigwe kwa mkamwana, sauti iwekwe juu, baba zangu wakiwepo. "Kamwene, mwanangu," alimwambia. "Chakula chako kilikuwa kinatosha. Ni pumzi ndiyo iliyokuwa haitoshi." Upande wa pili kulikuwa kimya kwa muda, kisha mkamwana akauliza kama mama bado anapenda uji mzito au mwepesi.

Siku hizi jiko limehamishiwa kibandani, nje ya nyumba, na zamu ya kuni si ya shangazi. Mkamwana humpeleka zahanati kila mwezi kupima uzito, kisha hututumia namba kwenye kundi la ukoo. Mwezi uliopita ilikuwa kilo 45. Bado ni chache. Baba zangu, wale wale wa kikao, walimjibu mmoja mmoja: "Ahsante, mama."